Mwenye Koti Aje Mwenyewe

Kwa muda sasa, mteja yeyote aliyeingia kwa Fundi Pindo kushonesha suruali aliombwa apande juu ya benchi ndipo apimwe. Benchi lenyewe lilikuwa la mbao, limesuguliwa na makalio ya watu wa vizazi viwili waliolikalia kusubiri nguo zao. Halikutengenezwa kukanyagwa. Lakini fundi alilisogeza katikati ya duka, akalifuta kwa kitambaa, na kila aliyeuliza alijibiwa kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake:

"Suruali ya siku hizi hupimwa mtu akiwa juu, bwana. Ndipo unaona inavyoanguka."

Wateja wakapanda. Watu wa sasa ukiwaambia jambo ni la siku hizi hawaulizi swali la pili. Aliyegoma kidogo ni Mwalimu mstaafu, ambaye alishonesha hapo tangu nywele zake ni nyeusi.

"Fundi, unanipima au unanipandisha jukwaani nihutubie?"

"Panda, Mwalimu. Ukitaka kuhutubia pia, hotuba haikatazwi."

"Zamani ulikuwa unapiga goti hapa chini miguuni pangu."

"Zamani na wewe ulikuwa na meno."

Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akapanda. Fundi naye akacheka, ila kicheko chake kiliishia shingoni. Ukweli wa benchi lile aliujua yeye na mkewe tu: hakuweza tena kupiga goti. Goti la kulia, lile la kukanyagia cherehani, lilikuwa limevimba na kukaza kama bawaba yenye kutu. Na hata goti lingekubali, tumbo lisingekubali. Lilikaa katikati yake na sakafu kama mgeni asiyejua muda wa kuondoka.

Linaloumiza zaidi ni kwamba tumbo hilo lilikwisha kuondoka mara moja huko nyuma.

Pindo ni jina alilopewa na watu wa mtaa kwa sababu ya pindo zake. Alipinda suruali hivi kwamba ukiigeuza ndani nje huoni uzi ulipopita. Miaka michache nyuma alikuwa mnene vilevile, na goti lilikuwa linauma vilevile, mpaka akaenda kliniki. Daktari, binti mpole mwenye umri wa mwanawe wa mwisho, alimweleza bila kuzunguka. Goti lile lilikuwa linabeba mzigo ambao halikuumbiwa. Mzigo usipopungua, itafika siku atashuka kwenye cherehani ya miguu na hatapanda tena. Binti yake wa kumzaa alikuwa tayari kumletea cherehani ya umeme, lakini fundi alikataa katakata. "Ile inashona yenyewe," alisema. "Mimi nitabaki kuwa mlinzi wake."

Aliyemwokoa wakati ule ni Mkasi. Mkasi ni fundi mwenzake, duka lake liko mtaa wa nyuma. Walijifunza kazi kwa bwana mmoja, enzi ambazo mtu alikaa mwaka mzima akishona vifungo tu kabla hajaruhusiwa kugusa ukosi. Siku hizi mtu huangalia simu asubuhi, jioni anaweka kibao mlangoni: fundi. Mkasi alikuwa mwembamba kama sindano na maneno yake yalichoma hivyohivyo. Aliposikia habari ya goti alisema jambo moja tu: "Alfajiri nakupitia."

Wakatembea. Kila alfajiri waliuzunguka uwanja wa mpira, Mkasi mbele akitoa kashfa, Pindo nyuma akihema. Sukari ikatoka kwenye chai. Sahani ya wali ikapungua nusu. Mkate wa jioni ukawa hadithi. Kila mwezi ulipoisha Mkasi alimpima kiuno, maana bwana wao aliwafundisha kwamba fundi hajipimi mwenyewe. Anayejipima hukaza futi bila kujijua, kwa kuwa mkono humhurumia mwenye mkono. Tumbo likarudi nyuma polepole, kama maji ya mafuriko. Goti likanyamaza. Mtaa mzima ukamsifu, na Mkasi, ambaye hasifu, akamkatia koti la kijivu la kitambaa kizito na kumwambia, "Vaa. Sasa una mabega. Kumbe yalikuwa yamefunikwa."

Hapo ndipo Pindo alipofanya kosa ambalo fundi peke yake anaweza kulifanya. Alichukua suruali zake zote, moja baada ya nyingine, akazipunguza viuno. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba ile nguo ya ziada inayobaki ndani ya mshono, ambayo mafundi wa zamani waliiita akiba, aliikata yote akaitupa sakafuni. Akiba huachwa ili nguo iweze kutanuliwa siku ikihitajika. Mwanafunzi wake yeyote angeikata angefukuzwa dukani kwa futi ya mbao.

Mkewe aliona vipande vile akasimama mlangoni na ufagio. "Mume wangu, hata vipande hivyo unavitupa?"

"Vya nini? Yule mtu hayupo tena."

"Haya. Omba asirudi, maana akirudi atakuta huna nguo zake."

Akarudi. Hakurudi kwa ulafi, kama watu wanavyodhani. Kwanza uwanja ulizungushiwa ukuta. Walikuja watu wenye kofia za plastiki, wakapima, wakachimba, na pale ambapo watoto wa mitaa minne walicheza mpira pakawa maegesho ya malori. Hakuna aliyeuliza watoto wacheze wapi wala wazee watembee wapi. Wakati huohuo Mkasi akaenda kumuuguza dada yake mbali, akakaa huko msimu mzima. Pindo akajiambia atapumzika mpaka mwenzake arudi.

Na kupumzika siku hizi ni rahisi mno. Zamani kazi yenyewe ilimtembeza fundi. Vifungo alivifuata kwa muuza vifungo, uzi wa rangi adimu aliazima kwa mwenzake, na nguo ya mzee asiyejiweza aliipeleka nyumbani ikajaribiwe hukohuko, akapewa kiti na maji na habari za watoto. Sasa kijana wa pikipiki huleta kila kitu mlangoni, na hazimi hata injini. Salamu nazo huja kwa simu. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila mguu wake kugusa mtaa wa pili. Sukari ilirudi kijiko kimoja, kwa ajili ya baridi. Kijiko cha pili kilirudi bila sababu. Mkate ulirudi na siagi yake. Suruali zikaanza kugoma, leo ya kahawia, kesho ya bluu, mpaka akabaki kufunga kiuno kwa kamba na kuvaa aproni ndefu juu yake, hata siku asiyokuwa na kazi.

Mkasi aliporudi kutoka kwa dada yake, Pindo alimwona kwa mbali akija na mwendo wake wa haraka. Akaruka nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Tuseme alijikokota, maana kuruka hakukuwezekana.

"Yuko wapi mtu wako, shemeji?" sauti ya Mkasi iliuliza.

"Katoka," mkewe alijibu, huku akilitazama pazia lilivyotuna.

Ikawa ndiyo mazoea. Mkasi akija, fundi katoka. Wakikaribia kukutana njiani, fundi anakumbuka kitu alichosahau nyumbani. Aibu ilikuwa imemkaba. Yule mtu alipoteza usingizi wake wa alfajiri kwa ajili yake, alimpima kwa mikono yake, alimkatia koti. Sasa amwambie nini? Koti lenyewe lilining'inia kabatini. Halikuweza kukutana mbele.

Alijaribu kuanza upya peke yake. Asubuhi moja alitoka, aproni yake mwilini, akafika kona ya kwanza. Muuza magazeti akamwita kwa furaha, "Aaa, Fundi! Umeanza tena?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini Pindo alisikia vicheko ambavyo havikuwepo. Akasema anakwenda kununua kiberiti, akageuka, akarudi nyumbani, na kiberiti chenyewe hakununua.

Kisha mchana mmoja goti likakwama juu ya kanyagio. Lilikataa kwenda chini, likakataa kuja juu, na mkewe akalazimika kumwinua mguu kwa mikono miwili kama anayetoa chungu mekoni. Akaenda kliniki akichechemea. Daktari yuleyule alimtazama, akamkumbuka.

"Baba, uliweza mara moja. Unaweza tena. Lakini safari hii usichelewe. Ukiendelea hivi, cherehani ya miguu tutaiaga." Kisha akauliza, "Yule mzee mwembamba aliyekuwa akikusindikiza, yuko wapi?"

"Amesafiri," Pindo alisema.

Alirudi nyumbani na hofu ya kweli. Bila kanyagio hakuwa na kazi, na bila kazi hakujua angekuwa nani. Ilimpasa kutembea. Lakini angetokaje mbele za watu na kamba kiunoni? Suruali hazikuwa na akiba, alikwisha kuzichinja mwenyewe. Lililobaki ni koti la kijivu. Likitanuliwa lingefunika kamba na aibu yote. Ila lilishonwa na Mkasi, na fundi wa malezi yale hafumui mshono wa fundi mwenzake aliye hai. Ni utovu wa adabu, kama kumkosoa mtu mbele ya wanawe.

Alimwita mkewe. "Lipeleke kwa Mkasi. Mwambie ni la kaka yako, alitanue mbele."

"Kaka yangu? Yule mwembamba kama mti wa ufagio?"

"Sema amenenepa."

"Amenenepa kwa usiku mmoja?"

"Mama watoto, nakuomba."

Akaenda, akarudi na koti lilelile, limekunjwa vizuri kwenye mfuko.

"Amesemaje?"

"Amelitazama, amelipapasa begani, halafu akaniambia: 'Shemeji, mwenye koti aje mwenyewe. Na tumbo lake aje nalo, asiliache nyumbani.'"

Pindo akaketi juu ya kitanda, mikono juu ya magoti. Mkewe akamwacha kwanza anune. Halafu akasema, taratibu kidogo kuliko kawaida yake, "Amekwisha jua. Kinachobaki ni wewe kuvuka barabara."

Alivuka jioni, saa ya wateja wachache. Duka la Mkasi lilikuwa chumba chembamba kama mwenyewe, pasi ya mkaa dirishani, mikasi imepangwa kwa ukubwa ukutani. Mkasi alikuwa anashona tundu la kifungo. Hakuinua kichwa.

"Karibu. Funga mlango, vumbi."

"Nimekuja."

"Nakuona. Hata kipofu angekuona. Vua aproni."

Akavua. Kamba ikaonekana. Mkasi aliitazama, akaitazama tena, midomo ikamcheza. Akachukua futi shingoni.

"Usivute pumzi."

"Sijavuta."

"Pumua basi, usinifie dukani. Maiti yako nitaibeba na nani?"

Pindo akapumua, tumbo likashuka mahali pake pa kweli. Mkasi akapima, akaandika kwa chaki juu ya meza. Kisha akamvalisha koti, akamzunguka, akambonyeza bega.

"Hapa kushoto panabana?"

"Hapabani."

"Nyoosha mkono. Hapa je?"

"Hapabani, bwana. Mimi nabanwa tumboni, si begani."

Mkasi akaguna kama asiyeamini. Akalivua koti, akaliweka mezani, akafumua bitana kwa ncha ya wembe. Ndani ya mshono wa ubavuni nguo ikakunjuka, pana, ya kijivu kilichoiva kuliko cha nje, kwa kuwa haikuwahi kuona jua. Upande wa pili vivyo hivyo. Na mgongoni.

Pindo aliinama kuangalia. Uso ukambadilika.

"Uliacha yote hii?"

"Ulitaka niikate?"

"Kwa hiyo ulijua." Sauti yake ilianza kupanda. "Siku ile mtaa mzima unanisifu, wewe unanikatia koti la pongezi, na ndani yake umenishonea unene wangu! Ulijua nitashindwa!"

"Acha kelele."

"Siachi! Ulinicheka kwa sindano!"

Mkasi akaweka wembe chini. "Mwenzangu, nimeshona makoti tangu sisi wote tuna viuno vya nyigu. Sijamshonea mtu aliye hai nguo isiyo na akiba. Mtu hunenepa, hukonda, huugua, hupona, hufiwa, huoa. Koti lazima limngoje. Nguo ninayoijua isiyo na akiba ni sanda tu. Ulitaka nikushonee sanda yenye vifungo?"

Pindo aliigusa kwa kidole ile akiba iliyokunjuka. Akakumbuka zile suruali na vile vipande sakafuni, akajiona mjinga. Lakini ajabu, ujinga huo haukumuuma. Kitu kilichokuwa kimemkaza kifuani kwa miezi mingi kilifumuka pamoja na ile bitana.

"Mimi zangu nilikata," alisema chini chini.

"Zipi?"

"Suruali. Zote. Nilikata akiba."

"Wewe?" Mkasi alimtazama kwa hofu halisi. "Fundi mzima? Bwana wetu angekuwa hai angekurudisha kwenye vifungo!"

"Ndiyo maana ya kamba."

Hapo Mkasi akashindwa. Alicheka, akashika meza, chaki ikaanguka. Pindo naye kikampata, kicheko cha tumboni, tumbo lenyewe likitikisika bila kamba kuweza kulizuia. Walipotulia, Mkasi alifuta macho kwa kipande cha bitana, akauliza kwa sauti nyingine, ya mtu aliyejizuia muda mrefu:

"Basi sasa niambie. Kama tatizo ni tumbo tu, ulikuwa unanikimbia kwa nini?"

"Aibu."

"Ya tumbo?"

"Ya tumbo. Wewe ulidhani nini?"

Mkasi akaketi. Akaonekana mzee ghafla. "Mimi nilidhani ni bega."

"Bega lipi?"

"La kushoto! Siku nilipolikata macho yalikuwa yananiwasha. Nikaogopa limeinama. Narudi kutoka kwa dada, nakuona unajificha nyuma ya pazia, miguu yako naiona chini, viatu navijua. Koti hulivai hata siku moja. Nikasema, basi, ameliona lile bega. Kwa heshima hataki kuniambia kwamba mkono wangu umekwisha. Unajua nimekataa makoti mangapi tangu hapo? Nashona mashati tu, kama mwanafunzi."

Pindo akalichukua koti pale mezani. Alilipeleka dirishani kwenye mwanga, akalishika bega la kushoto, akalinganisha na la kulia, akapitisha kidole kwenye mshono kama apimavyo kazi ya mtu asiyemjua. Hakuharakisha. Mkasi alimtazama kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

"Halina neno," Pindo alisema mwisho. "Ni bega zuri kuliko nililonalo mimi."

Mkasi alishusha pumzi ndefu, akasimama, akaanza kutafuta sindano kwa shughuli nyingi ili asitazamwe usoni. "Nitalitanua kiasi ufunge kifungo," alisema. "Sitaimaliza akiba yote. Usije ukaona kuna nafasi ukaijaza. Alfajiri nakupitia."

"Uwanja haupo."

"Ukuta una upande wa nje, au huo nao wameuzungushia?"

Alfajiri ilipofika Pindo alikuwa mlangoni kabla hajaitwa, koti limefungwa, kamba ndani ya koti ikijua kazi yake. Nje ya ukuta njia ilikuwa mbovu, mawe na maji machafu ya kuoshea malori, na mzunguko mrefu kuliko ule wa zamani. Goti lilipiga kelele mwanzo, kisha likaendelea kunung'unika tu. Muuza magazeti aliwaona akaita, "Mmeanza tena, wazee?"

"Wewe jana ulikula," Mkasi alijibu bila kusimama, "leo huli tena?"

Pindo hakusikia vicheko vyovyote, ila cha muuza magazeti, ambacho kilikuwa cha kirafiki. Hakwenda mbali siku ile. Kesho yake alikwenda mbele kidogo. Sukari ilitoka kwenye chai kwa mara ya pili, na mkewe aliuficha mkate bila hata kuombwa. Hakuna aliyetarajia muujiza. Tumbo lilikuwepo. Tofauti ni kwamba sasa lilitoka nje hadharani, likatembezwa.

Asubuhi moja walipita mbele ya duka jipya kubwa la nguo zilizoshonwa tayari. Nyuma ya kioo ilisimama sanamu ya plastiki isiyo na kichwa, imevalishwa suti. Mkasi akasimama ghafla.

"Tazama ukosi ule. Tazama! Umelala kama sikio la mbwa mgonjwa."

"Achana na ukosi, angalia kiuno. Wamekaza kwa pini nyuma. Mteja akiinunua atakuta gunia."

"Na mkono?"

"Mkono huo umekatwa na mtu aliyekuwa anakimbilia basi."

Waliendelea kubishana, wakaacha kioo nyuma, Mkasi akipunga mikono, Pindo akimrekebisha, wakilitukana lile koti la watu, na wanaolinunua, na wanaoliuza, na dunia yote inayovaa nguo isiyomjua mwenye nguo. Hasira ile iliwafurahisha sana. Pindo alipokuja kusimama kupumua, aliona mbele yake jengo asilolijua. Akageuka. Kona ambayo kila siku aliomba wageukie hapo ilikuwa mbali nyuma yao, ndogo kama kifungo.

"Tumepitiliza," alisema.

"Wewe ndiye uliyekuwa mbele," Mkasi alisema. "Haya, geuka. Na kurudi ni kwa miguu hiyohiyo."

Pindo alifuta jasho shingoni kwa mkono wa koti, jambo ambalo fundi hafanyi, na Mkasi akamfokea njia nzima kwa hilo.